Kaa la Moto Mlangoni

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa kule Izimbya, kazi yangu ilikuwa mavi ya mdogo wangu. Samahani kwa neno hilo, lakini nyumbani kwetu hatukuwa na jingine la adabu zaidi, na nikianza kulipamba nitakuwa nimedanganya kabla sijasema lolote.

Ilikuwa miaka ya ule ugonjwa tuliouita Juliana, yaani UKIMWI. Baba alikuwa ameshazikwa kibanjani, mama naye akamfuata, makaburi yao pamoja kati ya migomba. Bibi akabaki na sisi wawili: mimi, na Mugisha wa miaka minne. Bibi alilima vibarua kwa watu ili tule, na mtoto hakuweza kuachwa peke yake, basi akaniachisha shule. Jirani yetu, Ma Dina, alikubali kukaa naye mchana, ila alisema wazi kwamba mtoto wa kutawazwa hamtaki. Watu waliogopa uchafu wa nyumba kama yetu.

"Utarudi shule, Koku," Bibi aliniambia. "Siku mdogo wako atakapojua kwenda mwenyewe na kujisafisha mwenyewe, kesho yake unarudi."

Weee, nilimfundisha! Bibi alinionyesha namna ya kuanza: unaketi chini, unanyoosha miguu, mtoto anakalia nyayo zako, hapo haogopi kuanguka. Baadaye tukahamia kwenye kishimo nilichokichimba nyuma ya mibuni, maana choo chenyewe kilikuwa magogo mawili juu ya shimo refu, na hata mimi nilikiogopa. Nikamfundisha kuchagua jani laini, kupangusa, kufukia kwa majivu, kunawa kwa maji ya kibuyu. Mugisha alikuwa mwepesi. Akimaliza ananiita, "Koku, njoo uone!" Nami nakwenda kweli, nachungulia, nasifu. Nikaanza kufua sare yangu.

Kisha akaanza kuharisha.

Akawa hawahi kishimo. Alichafua mkeka, akachafua nyasi tulizotandika sakafuni, akachafua miguu yake mwenyewe huku akikimbia. Leo najua mtoto yule alikuwa anaumwa. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba ananinyima shule. Nilimpiga mapajani. Nilimwacha na uchafu wake juani mpaka ukamkaukia, ili ajifunze. Wenzangu walipopita barabarani na madaftari yao nilimwita nguruwe kwa sauti, wacheke, nao walicheka. Yeye akainama akatafuta jani.

Kwetu kila mtoto alijua kwamba ukiweka kaa la moto juu ya mavi ya mtu, moto unamwingia mwenyewe tumboni. Watu waliwafanyia hivyo wezi wa ndizi waliojisaidia shambani. Bibi alishanikanya: "Kwa mtoto usithubutu, hata kwa mzaha. Tumbo lake halina pa kuukwepea moto."

Siku moja kabla ya muhula kufunguliwa, Ma Dina alikuja kumwangalia Mugisha. Bibi alikuwa kwenye vibarua. Nilikuwa nimemwogesha mtoto, nimempaka mafuta, nimemwambia asimame vizuri mlangoni asalimie. Alisalimia vizuri sana. Halafu, akiwa bado amesimama, mavi yakamtoka, yakatiririka hadi kizingitini. Ma Dina akarudi nyuma, akapandisha kanga yake.

"Huyu bado," akasema, akaondoka.

Niliingia jikoni nikatoa kaa jekundu kwa vijiti viwili.

"Tazama," nikamwambia Mugisha, nikaliweka pale. Likachemka, likafuka, likanuka. Akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akapiga kelele, "Koku, litoe! Linachoma!"

Sikulitoa. "Ukikunya hovyo tena," nikasema, "naweka mawili."

Akapata njia yake mwenyewe. Aliacha kula. Bibi akimpa uji, anatikisa kichwa. Akimpa ndizi, anaishika mdomoni mpaka Bibi ageuke, kisha anaitema chini ya mkeka. Bibi alidhani ni ugonjwa, akalia. Mimi nilijua, kwa sababu kila jioni alinijia akaninong'oneza sikioni, "Leo sijakunya, Koku." Alitaka nimsifu. Nami, Mungu anisamehe, nilimsifu.

Hivyo siku nne. Ya tano akafa, asubuhi, akiwa msafi kabisa.

Wiki iliyofuata nikarudi shule, na sitawaficha, nilifurahi njiani. Nilikimbia. Usiku ndipo nilipomkumbuka yule mtoto na tumbo lake, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kaa lile ndilo lililomuua. Sikumwambia Bibi. Alifariki akiniita mjukuu wake mwema, na nilimwacha aniite hivyo.

Nikiwa tayari na watoto wangu, nilimsimulia daktari mmoja pale Bukoba mjini. Alinisikiliza kwa upole, akasema mdogo wangu alizaliwa na ugonjwa wa mama, kwamba siku zile dawa hazikuwepo, na kwamba moto juu ya mavi haumwingii mtu tumboni. "Hukumuua wewe, mama," akaniambia. Nilimshukuru kwa dhati. Nikapanda basi la kurudi Muleba, ninakoishi sasa, nikijiona mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Wepesi ule haukufika Muleba. Daktari alisema kweli, ugonjwa ulimuua na moto haukumfika. Lakini njaa ile ya siku nne haikuletwa na ugonjwa wala na kaa. Mdogo wangu alikufa akiwa na njaa, kwa kunitii.