Kilio Nilichokikosoa

Mwezi uliopita, kwenye tamasha dogo la filamu hapa Tanga, niliombwa kuongoza mjadala wa filamu ya familia moja ya Kigombe, iliyotengenezwa na binti yao. Sikuwa nimeiangalia yote. Niliirukaruka tu kwenye simu, nikajiona mjuzi. Nikashika kipaza sauti, nikasema, "Filamu nzuri, ila mama yule analia kupita kiasi. Mwigizaji hodari hujizuia."

Mama mmoja mtu mzima akainuka mstari wa mbele, akaweka mtandio wake sawa.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "mimi sikuigiza. Binti yangu alinirekodi siku aliyozikwa baba yake."

Nikakishusha kipaza sauti. Hata shikamoo sikuwa nimempa.