Bakuli la Bibi Lililopanda Ghorofa

Enzi zetu pale Muraqqabat, Dubai, lifti ya jengo letu ilikuwa ikiharibika kila mara na hakuna mtoto aliyelalamika, kwa sababu ngazini ndiko kulikokuwa na harufu. Ukirudi kutoka shule na njaa yako, ulipanda taratibu, na kabla hujafika kwenu ulishajua kila mlango unapika nini. Watoto wa leo wanapanda simu ikiwa usoni. Nyumba ikiungua watadhani ni tangazo.

Sisi ni watu wa Mombasa, na mtu wa Mombasa ukimtajia chakula cha Kihindi anaona unamfundisha kuogelea. Bhajia, viazi karai, kachri, chatne ya ukwaju, basi kakimaliza. Baba yangu, aliyekuwa akinunua bidhaa soko la Naif na kuzisafirisha nyumbani, alisema Mhindi hana jipya la kumlisha. Masikini, hakujua kwamba katika jengo lile kila ghorofa ilikuwa na India yake.

Sisi tulikaa ghorofa ya kwanza. Juu yetu alikaa Mama Bhavna, Mgujarati asiyekula nyama wala yai, ambaye hata dengu alizitia sukari guru. Mara ya kwanza alipotuletea, mama alionja, akafikiri kidogo, akaziweka kando tuzile baada ya chakula. Ghorofa ya tatu alikaa Bi Farhana wa Hyderabad, na biriani yake ndiyo iliyomvuruga baba. Kwetu wali hukaa upande wake na sosi upande wake, kila mmoja na heshima yake. Ya Bi Farhana ilipikwa wali na nyama pamoja, kifuniko kikazibwa kwa unga. Baba alichimba sahani mpaka chini akitafuta sosi, kisha akataka nitumwe juu nikaulize kama wameisahau. Na juu kabisa alikaa Mama Saji, mtu wa Kerala, ambaye jikoni kwake kila kitu kilipita kwenye nazi, nasi tukamwona ni ndugu aliyepotea.

Sasa, mama alikuwa na bakuli la kauri, jeupe lenye maua ya buluu, alilopewa na bibi siku ya harusi yake. Ramadhani moja akalijaza mbaazi za nazi, nikampelekea Mama Bhavna. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na kumbe na kwao ni vivyo hivyo. Mama Bhavna akalijaza, lakini akasahau limetoka wapi, akalipandisha kwa Bi Farhana. Bi Farhana naye akatia chake, akalipeleka anakojua yeye. Toka hapo bakuli likawa msafiri. Mimi nililiona kwa macho yangu mezani kwa Bi Farhana, nikakimbia kumwambia mama.

"Usithubutu kuuliza," mama akasema. "Ukidai chombo, umedai na chakula."

Mambo yangeishia hapo kama bibi asingepiga simu kusema anakuja kututembelea. Mama alikosa raha. Bibi alikuwa mtu wa kukumbuka kijiko alichompa mtu kabla hajaota meno. Lakini kuuliza ni aibu, kwa hiyo mama akaamua kulivuta bakuli kwa ujanja: akawa anampikia kila jirani kwa zamu, akitumaini vitakavyorudi vitarudi ndani yake.

Vilirudi, ila ndani ya vyombo vingine vyote. Kutoka kwa Mama Bhavna zilikuja keki laini za dengu zilizotiwa haradali juu, kwenye sufuria. Kutoka kwa Bi Farhana kukaja mchuzi wa pilipili nzima uliomfanya baba atoke nje verandani akapumue. Mama Saji akaleta chapati nyembamba za mchele, zenye matundu kama sponji, tukazigombania kwa kuwa zilifanana na vibibi vyetu vya mchele na nazi vya nyumbani. Kabati letu likajaa vyombo vya watu, na mama akapika tena, maana navyo havikuruhusiwa kurudi vitupu. Baba akaongeza tundu kwenye mkanda, na nina hakika usiku alikuwa akiomba bakuli lisionekane.

Bibi akafika. Hata buibui hajalivua.

"Bakuli langu liko wapi?"

"Lipo jikoni, mama," akajibu mama. Hakusema jikoni kwa nani.

Tulikuwa tumeshatandika mkeka, mama akihangaika na mtungi wa maji ili asikae mbele ya bibi, mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Saji, na mikononi maua ya buluu. "Yalla, samaki, garam garam," akasema, yaani wa moto moto, akashuka kumalizia shughuli zake. Mama alilipokea huku machozi yakimlenga, akaingia nalo moja kwa moja, akaliweka mbele ya bibi.

Bibi akaonja. Ulikuwa mchuzi wa nazi mzito, una ukali wa tunda lao jeusi la kukaushwa na yale majani madogo yanayopasukia kwenye mafuta. Akaonja tena, akafumba macho.

"Sasa umejua kupika," akamwambia mama.

Mama alisimama pale bila kusema ndiyo wala hapana. Baba akainamia sahani. Na kwa kuwa bibi aliuagiza mchuzi ule kila Ijumaa mpaka alipoondoka, mama alipanda ghorofa ya nne kwa siri kuusomea. Leo huko Mombasa binamu zangu wanauita mchuzi wa Bibi, na mtu wa nje hawampi siri yake, ati ni urithi wa mababu.

Siku hizi naishi Dubai Investments Park. Lifti haiharibiki na ngazini kunanuka rangi. Ukiwauliza vijana chakula cha Kihindi watakutajia kuku wa siagi, kisha watakiagiza kwa simu kije kwenye kiboksi cha kutupa. Kiboksi hakina wa kumrudia. Naukumbuka mlango wetu ukigongwa, na kwa kweli inaniuma.

Bakuli sasa ni langu. Mwezi uliopita nililijaza mbaazi, nikampa kijana wa Kipunjabi wa mlango wa pili anayeishi peke yake. Akashukuru, akapotea nalo. Sikuuliza. Juzi akabisha hodi, bakuli mkononi, limejaa kuku wa siagi, na chini yake imenata stika ya oda ya mkahawa yenye jina la kijana na nambari ya mlango wake.

Nikaonja mbele yake.

"Sasa umejua kupika," nikamwambia.

Akasimama pale bila kusema ndiyo wala hapana.