Ukucha wa Jogoo wa Numisius

Vibidia hakulia kwenye mazishi ya mumewe, na mji ukamsema kwa hilo. Lakini yeye hakujali wanayomsema yeye. Lililomkaa rohoni ni walilomsema marehemu: kwamba Numisius, mfanyabiashara wa nyumbu, aliteleza mlimani akafa kwa kuwa alimdhulumu mungu. Alimwahidi Merkuri, mlinzi wa njia, jogoo wa shaba akirudi salama kutoka safari yake ya kwanza. Alirudi. Jogoo yuko wapi? Hekaluni hayupo.

Vibidia alijua kwamba alikuwapo. Yeye ndiye aliyechagua jogoo, ndege anayemwamsha msafiri kabla ya mapambazuko. Yeye ndiye aliyeandika maneno ambayo fundi aliyagonga kifuani mwa jogoo nukta kwa nukta: Numisius ameitimiza nadhiri yake kwa moyo mkunjufu. Miezi miwili baada ya mazishi, Salonius, mshindani wa mumewe sokoni, naye akamtolea Merkuri jogoo wa shaba. Kifua chake kiling'aa mno, kama kilichopigwa tupa juzi, na jina lilikuwa la Salonius.

"Majogoo wote wanafanana, bibi," alimwambia mlangoni mwa hekalu, wenzake wakicheka. "Au wa mumeo ameruka ukuta kufuata mitetea?"

Vibidia akavuta shela yake, akapita. Kupayuka bila ushahidi hakukuwa desturi ya nyumba ya Numisius.

Lakini kulikuwa na sheria moja: kilichotolewa kwa mungu hakitoki nje ya ukuta wa hekalu, hata kikivunjika. Huzikwa humo humo. Mtunza hekalu anaweza kuhongwa afumbe macho; kubeba jiwe la mungu kulitupa barabarani, hathubutu. Basi jiwe lililochongwa jina la mumewe, alilosimamia jogoo wake, lilikuwa bado ndani. Vibidia akajitolea kung'oa magugu ya ua wa hekalu.

"Mama, utamaliza magoti," alilalamika Hilara, mjakazi wake.

"Yangu yakiisha, yatafuata ya Salonius. Ng'oa."

Ilikuwa mwaka wa pili, mwezi wa Machi, alipogeuza jiwe lililozibia mfereji. Jina la Numisius lilikuwa limelala kifudifudi. Na kwenye madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kumwagwa kushika miguu ya jogoo, ulibaki ukucha mmoja wa nyuma. Aliyemng'oa jogoo alikuwa na haraka.

Akaligeuza kama lilivyokuwa, akasubiri sikukuu ya Merkuri katikati ya Mei, siku wafanyabiashara wanapojinyunyizia maji kwa tawi ili mungu awasamehe uongo wa mwaka mzima. Salonius alisimama mbele kabisa, maji yakimtiririka shingoni, Vibidia na Hilara walipoingia wamelibeba jiwe, wakalitua mbele ya madhabahu.

"Bwana Salonius, jogoo wako hachechemei?"

"Umekunywa nini asubuhi hii, mama?"

"Kuhani, mtazame mguu wa kushoto."

Kuhani akakwaruza kwa kidole. Nta nyeusi ikabanduka. Ukucha wa nyuma haukuwapo. Akaung'oa ule uliokuwa kwenye jiwe, akaupachika. Ukakaa kama jino kwenye ufizi wake. Halafu akasoma jina lililochongwa kwenye jiwe, kwa sauti, na wanawake waliomsema marehemu miaka miwili wakaanza kukohoa.

"Ni mtunza hekalu..." Salonius alianza. Tawi lilikuwa limemponyoka.

"Tutalifuta jina lake, mama," alisema kuhani, "tuandike la mumeo."

"Hapana. Mrudisheni jogoo kwenye jiwe lake, Salonius kifuani, Numisius miguuni. Anayejua kusoma asome yote mawili."

"Na asiyejua?"

"Nitamsomea mimi."

Na alimsomea. Kila sikukuu alisimama pale, shela yake imenyooka, akisoma polepole. Hata Salonius alipouza nyumba akahama mji, Vibidia hakuacha. Wana wa Salonius walikuwa bado wanafanya biashara sokoni.