Jina la Baba Kwenye Matine ya Jabe

Mwezi uliopita nilialikwa harusini hapa Bujumbura, kwenye ukumbi wa kisasa karibu na ziwa, wenye viyoyozi na taa za kila rangi. Orkesta ilikuwa nzuri, sina neno. Lakini ilipofika saa kumi na moja jioni, jua bado linaonekana dirishani, nikajikuta nimesimama, mkoba begani, natafuta viatu vyangu chini ya meza. Binti yangu akanivuta mkono. "Mama, unaenda wapi? Si ndiyo kwanza wanaanza?" Nikaketi kwa aibu. Wewe utanielewa, rafiki yangu. Sisi tuliokulia mji huu miaka ile ya vita, muziki ukinoga tu, miguu inataka kukimbia.

Muziki wetu ulikuwa wa mchana. Watoto wangu hawaamini nikiwaambia kwamba watu walicheza dansi juani. Kulikuwa na kuvrefu, amri ya kutotoka nje jua likishazama, na wenye baa hawakuwa wajinga: usiku umefungwa, basi tutauza mchana. Ndiyo ikazaliwa matine. Kila Jumamosi saa nane, nyuma ya soko la Jabe, kwenye uwanja wa mchanga uliozungushiwa mabati, orkesta ilianza kupiga, na saa kumi na moja kamili imekwisha, kila mtu mbio kwake. Muda wa saa tatu tu! Watu walicheza na miwani ya jua, jasho linawachuruzika mpaka kwenye soksi, mkono mmoja chupa, mkono mwingine umekinga macho. Na kwa vile muda hautoshi, wanamuziki waliruka mwanzo wa nyimbo. Ile sehemu ya polepole, mwimbaji anapobembeleza, waliitupa. Walianzia palepale gitaa linapochachamaa. Ukiingia uwanjani umechelewa dakika tano, umekuta watu wameshalowa.

Mlio wa bunduki ukisikika kutoka milimani, mpiga drams aliongeza nguvu, na mwimbaji alisema kwenye mikro, "Hiyo ni drams yetu, msiogope." Watu walicheka. Lakini kila mmoja alikuwa ametupa jicho kwenye geti, nakuapia. Hata mimi, mtoto wa miaka kumi, nilijua ni bati lipi limelegea na linapitisha mtu.

Nilikuwa pale kwa sababu mama yangu aliuza sambusa uwanjani. Kona ya kushoto, karai lake, makaa yake, sinia la pilipili na ndimu. Harufu ya bizari na kitunguu ilishindana na ya brosheti, ile mishkaki ya jirani yake, na nasema bila upendeleo, mama alishinda. Bibi, mama yake mama, alikuwa hataki kusikia. Sisi ni Waislamu wa siku nyingi hapa mjini, na kwake yeye mwanamke wa heshima hakai mahali panaponywewa pombe. "Astaghafirullah! Sambusa za Ramadhani hizo, unawapa walevi!" Mama alikuwa akimjibu huku anafunga ushungi, "Walevi nao wana njaa, mama." Na Jumamosi jioni, tukirudi tunahema, bibi huyohuyo alikuwa anatusubiri mlangoni. "Enhe, leo wamekuimba?"

Maana watu waliimbwa pale. Wanamuziki wa Kongo wana desturi yao, wanaiita kutupa libanga: katikati ya wimbo mwimbaji anataja jina lako, wewe unasimama, unapunga mkono, dunia nzima inajua upo. Lakini uwanja wetu ulikuwa na sheria, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: HAPA HATUITI JINA WALA MTAA. Aliyeiandika ni mwenye uwanja, mzee mnene aliyekuwa dereva wa malori, taulo shingoni saa zote. Alisema jina linaonyesha mtu anakotoka na mtaa unaonyesha anakolala, na siku zile hayo mawili yalitosha kumwua mtu. Kwa hiyo waliitwa kwa kazi zao. Fundi Saa, oyee! Mwalimu wa Hesabu! Dereva wa Mchanga! Na mama yangu alikuwa Mama Sambusa. Akiitwa, aliinua kijiko chake cha kukaangia juu, mafuta yanadondoka, anacheka meno yote nje. Sikumwona akicheka hivyo mahali pengine popote.

Sasa nikwambie habari ya baba, na nakwambia yote mapema usije ukahangaika kama nilivyohangaika mimi. Baba alikuwa fundi wa magari. Mwanzoni mwa vita, nikiwa na miaka saba, alitoka asubuhi kwenda kutengeneza gari la mteja kule Mutanga Nord, na njiani alikuta kizuizi cha vijana wenye mapanga. Hakurudi. Siku ya tatu fundi mwenzake alikuja nyumbani, akazungumza na mama uani kwa sauti ya chini, akaondoka bila hata kunywa maji. Mwili haukupatikana. Mama hakulia, hakutandika mkeka, hakukaa eda, zile siku za mjane kuvaa nyeupe na kutulia ndani. Miaka ile kulia kwa sauti kulikuwa ni kushtaki, na waliomwua baba walipita mtaani kwetu wakinunua sigara. Akatangaza kwamba mume wake amevuka mpaka kutafuta kazi. Yuko Uvira.

Mimi nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Uvira ni hapo tu, ng'ambo ya ziwa. Mvua ikikatika, milima yake unaiona ukisimama sokoni. Nilikuwa nikiitazama milima ile na kuudhika. Mtu gani huyo anayekaa karibu namna ile na haji hata Idi? Nilimsumbua mama kila siku, lini, lini, lini, mpaka akawa ananituma chumvi ambayo imo ndani.

Kisha vita vikazuka na upande wa pili, na wakimbizi wakaanza kumiminika kutoka Uvira wakiwa na magodoro vichwani. Ndipo nilipopagawa kabisa. Kila uso uliopita Jabe niliukagua. Wote wametoka, baba je? Nilimbana mama akiwa anakunja sambusa. Hakuinua kichwa. "Amesonga mbele," akasema. "Yuko Bukavu." Bukavu! Niliona baba anazidi kutukimbia, na kama hapatatokea mtu wa kumwita, atafika mwisho wa dunia.

Katika wale wakimbizi alikuwamo mwimbaji. Kijana mrefu, shati moja, viatu vya manjano. Mwenye uwanja alimchukua siku ya pili tu baada ya kumsikia anaimba akiwa kwenye foleni ya maji. Sauti yake ilikuwa kubwa, mabati yalitetemeka. Jumamosi yake ya kwanza nilimvizia nyuma ya jukwaa akinywa maji, na sikumsalimia hata. Nikamuuliza kama anamjua baba yangu. Nikamtajia jina lote, na la babu juu yake.

"Uvira ni kubwa, mutoto," akasema. "Kazi yake nini?"

"Fundi wa magari. Sasa yuko Bukavu. Mtupie libanga. Spika zako zina nguvu, atasikia."

Alicheka, lakini si kwa dharau. Akautazama ule ukuta wenye maandishi mekundu. "Hapa wananikataza majina. Lakini yeye si mutu wa hapa, sivyo? Yeye iko Kongo. Kule kwetu tunaita jina." Akajipigapiga magoti, akafikiri, akasema, "Basi. Sheria ya hapa ni ya watu wa hapa. Mi nitamuita."

Sisi wawili tulijiona tuna akili sana siku hiyo.

Ilikuwa yapata saa tisa na nusu. Gitaa limepamba moto, vumbi linapanda, Mwalimu wa Hesabu anazungusha kiuno kama hajawahi kufundisha mtu. Mwimbaji akachukua mikro, akageukia upande wa ziwa, akaliita jina la baba. Lote. Sitaliandika hapa, desturi ya ule uwanja imenikaa. Akaongeza, "Fundi wa magari wa Jabe! Popote uko, mutoto wako anakuita, rudia nyumbani!"

Wa kwanza kuacha kupiga alikuwa mpiga drams. Kisha besi, kisha wengine, hovyohovyo. Wachezaji wakabaki mikono hewani. Mwenye uwanja alikuwa ameshainua taulo lake, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara yake ya kumfukuza mtu. Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameligeuzia mgongo karai, amesimama, anatazama geti. Nyuma yake sambusa zilikuwa zinaungua, moshi unapanda, na yeye hasikii. Halafu akatoa sauti. Sijui niiiteje. Haikuwa kelele. Ilikuwa kitu kilichokaa ndani miaka mitatu na sasa kimepata mlango.

Mwenye uwanja akateremsha taulo. Akaenda kwake, yule mzee mwenye makucha kwa kila mtu, akamshika mabega akamkalisha kwenye kreti la chupa. Na watu wakaanza kuja. Mama wa brosheti alikuja kwanza, akaondoa karai motoni, akamkumbatia. Akaja Fundi Saa, akainamisha kichwa. "Pole, dada. Alinitengenezea pikipiki yangu, hakutaka hata asante." Akaja Dereva wa Mchanga. "Pole, mama. Tulijua. Tuliogopa kukwambia pole, ungejua tunajua." Walikuja mmoja mmoja, wengine bado wana chupa mkononi na wamesahau kuziweka. Mzee mmoja Mwislamu wa kwetu, ambaye naye hakutakiwa kuonekana pale, akasema kwa sauti ya kusikika, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Maneno hayo niliyajua. Tulifundishwa chuoni, kwenye madrasa: yanasemwa kwa aliyekufa. Nilimrukia yule mzee kwa ngumi. "Hajafa! Yuko Bukavu! Muulize mama!" Nilimpiga tumboni, naye akaniacha nimpige. Mama akanivuta, mikono yake ina unga mpaka viwikoni, akanibana kifuani pake.

"Apana, mwanangu," akasema. "Baba hayuko Bukavu. Baba hayuko."

Nilimchukia pale pale, na mwimbaji nikamchukia, na milima ya Uvira pia. Kijana wa watu alikuwa amechuchumaa jukwaani, ameshika kichwa, anajisemesha kwamba yeye ni mjinga. Mpiga gitaa ndiye aliyetuokoa. Alianza kupiga polepole, ule mwanzo wa wimbo ambao hatukuwahi kuusikia pale, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyecheza. Watu wazima walikaa chini kwenye mchanga, na wengi walikuwa wanalia, nadhani kila mmoja alikuwa na jina lake ambalo halikuitwa. Hayo ndiyo yalikuwa matanga ya baba yangu, kwenye baa, juani, na chupa zimezagaa. Kisha mwenye uwanja akatazama saa yake, akasema kwa upole kabisa kwamba ni saa kumi na moja kasorobo, na sote tukainuka tukakimbia. Hata kulia tulilia mbiombio.

Jumatatu mama alivaa nyeupe. Mwalimu wa chuoni akaja kumweleza kwamba eda imekwisha pita zamani, miezi minne na siku kumi huhesabiwa tangu mtu alipokufa, sharia haimdai kitu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Sharia hainidai, mwalimu. Mi ndiyo nadai." Akakaa ndani siku zote zile. Tuliogopa waliomwua baba wangekuja. Hawakuja. Bibi, ambaye alituapia kwamba hatakanyaga baa hata akiwa maiti, alibeba karai mwenyewe Jumamosi iliyofuata, akauza sambusa uwanjani uso ameukunja, na alipoitwa Bibi Sambusa kwenye mikro alimtukana mwimbaji mbele ya watu wote. Nilicheka, halafu nikakumbuka sitakiwi kucheka, halafu nikacheka tena.

Uwanja ule haupo. Nimepita Jabe juzi, nimekuta ghala la saruji na kijana mlinzi ambaye hajui lolote, anashangaa mama mtu mzima anapapasa ukuta. Mwimbaji wa viatu vya manjano aliondoka kabla ya vita kwisha, wengine wanasema Kigoma, wengine wanasema alirudi kwao. Mwenye uwanja alikwisha kufa. Nimesikiliza muziki kwenye kumbi nyingi tangu hapo, zenye viti vya kukunja na tiketi na vyoo visafi, na ninakaa pale nimetulia kama mtu anayesubiri daktari. Nakosa lile jua. Nakosa watu wanaocheza kwa pupa kwa sababu saa zimebaki mbili, kisha moja, kisha robo. Na sitaki virudi, vita hivyo, Mungu apishe mbali. Sijui mtu anakosaje kitu asichotaka kirudi, ila mimi nakikosa.

Mama alifariki miaka sita iliyopita. Nilikuwa nimelibeba lile jambo tangu utotoni, kwamba nilimvua nguo mbele ya watu, na karibu na mwisho wake nikapata moyo wa kumwomba msamaha. Tulikuwa tunachambua mchele. Akasema alinikasirikia wiki moja tu, halafu akachoka. Nikamuuliza, ile siku, jina lilipoitwa, mbona hukunitazama mimi, wala hukumtazama mwimbaji, wala karai? Mbona ulitazama geti?

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, akayaweka pembeni, moja, jingine.

"Nilijua amekufa," akasema. "Nilijua kuliko wote pale. Lakini alivyoitwa vizuri vile, nilidhani ataitika."