Bega la Mama Lililozibwa kwa Gundi

Asubuhi, kabla makumbusho hayajafunguliwa, Mwalimu Nawa anafunua shuka jeupe juu ya meza ndefu ya ghala, anatazama kilicholala pale, kisha analirudisha taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Anafunua tena.

"Fundi," anaita bila kugeuka. "Hiki ni nini?"

Fundi seremala wa makumbusho anakuja akijifuta mikono kwenye aproni, uso wote tabasamu. "Si mzega wenu huo, Mwalimu? Nimeushughulikia. Ulikuwa umebonyea vibaya pale katikati. Nimepaziba kwa unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa, nikamalizia na vanishi mara tatu. Sasa hata mchwa hana pa kuingilia!"

Mzega, kwa asiyeujua, ni mti wa kubebea maji. Ndoo inaning'inia huku, ndoo nyingine kule, na mti wenyewe unakaa begani. Kile kibonyeo alichokiziba fundi, kipana kama kiganja cha mtu mzima, hakikuchongwa na seremala yeyote. Kilichimbwa na bega moja kwa miaka mingi, na bega lenyewe ni la mama mzazi wa Mwalimu Nawa, ambaye yuko hai, yuko nyumbani, na asubuhi hii amevaa nguo zake nzuri anasubiri kufuatwa, aende darasani kuona mzega wake ukibebwa.

"Umeziba bega la mama yangu," anasema Mwalimu Nawa.

Sauti yake haipandi. Wanaomjua wanasema ni heri ipande.

Jina la Nawa alipewa na wanafunzi wake. Ni mkufunzi wa mkataba katika chuo cha ufundi wa maji, na kila kipindi chake huanza kwa amri moja: naweni mikono. Hana maana ya adabu. Somo lake, linaloitwa Maji na Jamii, hufundishwa kwa vitu vya zamani anavyoazima makumbusho, na sharti la makumbusho ni kwamba mwenye mikono michafu hagusi kitu.

Mwanzoni alifundisha kwa picha ukutani, na wanafunzi walikuwa wakilala. "Walilala kweli, wengine na kukoroma," anasema. "Kipindi chenyewe kimoja kwa wiki, kimebanwa kati ya pampu na hesabu. Nikajiuliza, hawa kesho ndio watakaoamua bomba lipite kwa nani na lisipite kwa nani, halafu hawajui hata ndoo iliyojaa ina uzito gani?"

Akakata shauri. Akaenda makumbusho akaomba vitu, si vya kutazama bali vya kushika.

Alianza na kopo la kupimia maji lenye kitako cha uongo, lililotengenezwa na mchuuzi fulani wa zamani ili ujazo upungue mnunuzi asijue. Darasa zima lilicheka wizi ule, mpaka mwanafunzi mmoja alipouliza kama mita za nyumbani kwao zilishawahi kupimwa na mtu yeyote. Hapo kicheko kikakatika. Wiki iliyofuata akaleta bomba la shaba lenye kufuli, wakabishana kipindi kizima kuhusu nani leo hii ameshika ufunguo wa maji ya mtaa. Hakuna aliyelala.

Mzega ndio ulikuwa roho ya somo. Utaratibu wake haujawahi kubadilika: hakuna kushika penseli kabla ya kubeba. Kila mwanafunzi ananawa, anauweka mti begani na ndoo mbili za lita ishirini, anatoka kwenye tangi la nyuma mpaka darasani, na bega lake linaingia lenyewe kwenye kibonyeo kilichoachwa na bega la mama. Wanarudi wakisugua mabega. Ndipo wanachora mabomba.

Na leo, kipindi cha kupanga bomba la umma la mtaa wa mlimani nyuma ya chuo, kibonyeo hakipo. Mti unang'aa kama umetoka dukani.

"Nilidhani nakusaidia, Mwalimu," fundi anasema. Tabasamu limeshapotea.

"Najua ulidhani. Nani alikutuma?"

Anayejibu ni mkuu wa makumbusho, aliyeingia na kikombe cha chai mkononi. Anaeleza kwa upole wa mtu ambaye ameshaamua. Kuna maonyesho mapya yanakuja. Mzega utawekwa kwenye kabati la kioo, juu yake itafungwa taa ya peke yake, na baada ya leo hautatoka tena.

"Vitu vinachakaa mikononi mwa wanafunzi wako," anasema.

"Vilishachakaa!" Sasa sauti imepanda, na fundi anarudi hatua moja nyuma. "Ndiyo maana nimevifuata hapa! Ningetaka mti mpya ningekwenda kwa muuza mbao!"

Mkuu anakunywa chai. "Usinipigie kelele. Aliyetoa kitu hiki ni mama yako, si wewe. Nilimpigia simu nikamweleza kuhusu maonyesho, akafurahi sana. Yeye akisema hataki, tutamsikiliza. Wewe, hapana."

Hilo hakulitarajia. "Mama alisema nini?"

"Aliuliza kama taa itawaka mchana kutwa."

Njiani, ndani ya gari la mizigo la makumbusho, Mwalimu Nawa amekaa nyuma na mzega mapajani ili usigongwe, na dole gumba lake linapapasa mahali palepale, huku na huku, likitafuta kilichokuwapo. Ana hasira na fundi, ana hasira na mkuu na chai yake. Hasira kubwa kuliko zote ni na mama, na hiyo ndiyo asiyojua aipeleke wapi.

Mama anawasubiri barazani na mkoba mdogo. Ni mwanamke mfupi, mchangamfu, bega lake la kulia limeshuka chini ya lile la kushoto kiasi kwamba kila nguo anayovaa inaonekana kama imeshonwa upande. Kwa maji aliyouza nyumba kwa nyumba alilea watoto watatu mpaka wakajitegemea. Mtaa wao ulipopata bomba, mzega ukageuzwa mti wa kuanikia nguo, mpaka siku watu wa makumbusho walipopita wakikusanya vifaa vya kazi za zamani, naye akautoa bila kuombwa mara ya pili.

Anauona mzega na kupiga makofi. "Haa! Ndio huu? Jamani, umependeza! Utadhani unaolewa!"

"Mama, wameuharibu."

"Wameuharibu wapi? Unang'aa."

"Wameziba pale pa bega lako. Wanafunzi hawataona kitu."

"Waone nini, kidonda?" Mama anapanda garini kwa kushikwa mkono, anakaa, anapanga nguo yake magotini. "Sikiliza, binti yangu. Wewe unataka watu wauone umechakaa. Mimi nimechakaa vya kutosha, acha basi kimoja kati yetu king'ae. Maisha yangu yote hakuna aliyeniwashia taa."

Mwalimu Nawa anaurudisha mzega mapajani. Utamjibu nini mama mzazi aliyesema hivyo? Anatazama barabara mpaka chuoni.

Darasa ni chumba kirefu chenye sakafu ya saruji na meza za kuchorea. Mama anawekewa kiti nyuma, karibu na mlango, na wanafunzi wanadhani ni mgeni wa ofisi. Mwalimu hamtambulishi kwanza. Anasema kwa ufupi kuliko kawaida, "Naweni. Bebeni."

Wa kwanza ni kijana ambaye wenzake wamembatiza Mhandisi, kwa sababu anavaa kofia ngumu ya kazi tangu asubuhi mpaka jioni, hata akienda kula. Ni mwepisi wa akili na mwepisi zaidi wa mdomo. Mchoro wake ameshaumaliza kabla ya kubeba, kinyume na utaratibu: bomba ameliweka chini kabisa, kando ya barabara kuu, kwa sababu ndipo mtandao wa mabomba ulipoishia.

Anafika mlangoni na ndoo zake, anageuza shingo kuringa kidogo, na mti unateleza juu ya vanishi. Ndoo ya mbele inagonga sakafu. Maji yanasambaa mpaka chini ya meza, wasichana wanainua miguu, darasa halina mbavu kwa kicheko.

Mwalimu Nawa hacheki. "Mnaona kilichotokea? Mti huu ulikuwa na mahali pa bega. Pamezibwa."

Mhandisi ameokota mzega. Anaupitisha kidole kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama anayekagua kazi ya mtu.

"Lakini Mwalimu, tuambiane ukweli," anasema. "Mimi sioni pa kuzibwa. Mti laini, umenyooka, hauna hata mkwaruzo. Kazi hii ingekuwa ngumu hivyo tunavyoambiwa, si ungekuwa umekwisha? Nadhani watu ni kulalamika tu. Wa mlimani watashuka na watapanda, kuna ubaya gani? Bomba la chini linatosha."

Wachache wanaguna, wachache wanaitikia kwa kichwa. Na ubaya wenyewe ni huo: kwa macho yake kijana hakukosea. Mti aliopewa ulisema vilevile alivyosema yeye.

"Wewe mwenye kofia," sauti inatoka nyuma. "Njoo hapa."

Mhandisi anakwenda, anainama kidogo. "Shikamoo, bibi."

Shikamoo inabaki hewani. Mama haipokei. Darasa lote linaisikia isivyopokelewa.

"Umenawa?"

"Ndiyo, bibi."

"Lete mkono."

Anasogeza nguo kidogo shingoni, anauchukua mkono wa kijana na kuuweka juu ya bega lake la kulia, mahali ambapo mfupa umezama na ngozi imekuwa ngumu kama kisigino. Kijana anataka kuuondoa. Mama ameushikilia.

"Bonyeza. Usiogope, hapaumi tena. Unasikia shimo?"

"Nasikia, bibi."

"Mti ulikuwa na la kwake, sawasawa na hili. Yalikuwa yanaingiliana. Wamelificha la kwake, ndiyo wewe unasimama mbele yangu kuniambia kwamba nalalamika? Mimi? Nilikulalamikia lini? Nilipanda na maji nina mimba ya miezi minane, nikateleza, nikainuka, nikarudi kuteka mengine kwa sababu mteja alikuwa anasubiri! Nililalamika kwa nani?"

Mama anauachia mkono wa kijana, na sasa anamgeukia binti yake, macho yamewaka.

"Na wewe! Kwa nini waliniambia habari ya taa tu? Niliambiwa taa. Sikuambiwa gundi!"

"Nimekuambia garini, mama."

"Umeniambia wameziba. Hukuniambia kwamba watu wakiuona watasema sikubeba kitu!"

Mwalimu Nawa anasema baadaye kwamba tangu aanze kufundisha hajawahi kugombezwa mbele ya wanafunzi, na kwamba hajawahi kufurahi kugombezwa namna ile. "Nilikuwa nimebeba hasira peke yangu tangu asubuhi," anasema. "Kumbe ilikuwa inamsubiri mwenyewe."

Mhandisi amevua kofia. Nywele zake zimelala, anaonekana mdogo kuliko umri wake. "Samahani, bibi. Basi bomba tuliweke wapi?"

"Nitajuaje mimi? Kwangu lilikuja nimeshazeeka." Mama anarudisha nguo yake vizuri. "Waulize wanaopanda."

Mwalimu Nawa anakusanya michoro yote, iliyomalizika na isiyomalizika, anaifungia kabatini. Anawaambia wiki ijayo hakuna darasa la meza. Watapanda mlimani na ndoo zilizojaa, watafuata njia za wenyeji, watauliza kwenye kila mlango, na atakayechora kabla ya hapo atachorea nyumbani kwao. Uongozi wa chuo umeshanung'unika kwamba kipindi hiki kinachafua sakafu na unafikiria kukifuta. "Wakifute wakiniona mimi nimeshika penseli kabla ya ndoo," anajibu, na kuvuta fagio kusukuma maji nje.

Fundi seremala, aliyekuja na gari na kubaki mlangoni muda wote huo, ndiye anayelisogelea jambo lenyewe. Anasema gundi aliyotumia bado ni changa. Kwa kitambaa cha maji ya moto na kisu kidogo anaweza kupafungua bila kuugusa mti wa asili. "Vanishi nayo nitaitoa," anasema, akitazama viatu vyake. "Lakini siwezi bila ruhusa ya mkuu."

"Ruhusa naileta mimi," mama anasema. "Jumatatu. Kwani huyo mkuu wenu anasema mwenye mali ni nani?"

"Wewe, mama," binti yake anamjibu.

"Haya."

Wanamsindikiza mpaka garini. Mwalimu Nawa anambebea mkoba, na kwa mara ya kwanza siku nzima mabega yake mwenyewe yameshuka. Anataka kuhakikisha wamesikilizana, mama asije akafika kwa mkuu, akapewa chai na maneno matamu, akasahau.

"Kwa hiyo utamwambia nini, mama?"

"Nitamwambia pale pa bega langu wapafungue, pabaki kama nilivyopaacha. Hawa watoto wako wauchukue kila wakiuhitaji, wabebe mpaka waseme basi. Wakimaliza, urudi kwenye kioo chake."

"Na taa?"

Mama tayari ameshakaa, anapanga nguo magotini. Anamtazama binti yake kama aliyeulizwa swali la kipumbavu.

"Taa waiache iwake. Kwani nani amesema ameikataa?"