Vidonge Viwili vya Fundi Friji

Mjomba wangu ni fundi friji, na ana sheria moja: ukishuku vipuri viwili, badilisha kimoja, washa, sikiliza, ndipo uguse cha pili. Ukibadilisha vyote kwa mpigo, friji itapona lakini hutajua ilikuwa inaumwa nini. Mteja anaweza kusimama mlangoni akipiga miayo mpaka achoke, mjomba hana habari naye.

Sasa mtu huyo ana kisukari, na mwaka jana picha ya tumbo ilionyesha ini limejaa mafuta. Pombe hajawahi kuionja, kwa hiyo badala ya kuogopa akaanza kumhoji daktari: hayo mafuta yameingilia wapi? Daktari, mama mmoja mpole, alimweleza kwamba ini likiachwa hivyo linaweza kukakamaa, na ini halina spea. Akamwandikia vidonge viwili vya kisukari, avimeze pamoja. Kila kimoja kina njia yake, alisema, na tafiti zinatia moyo kwamba vikishirikiana huenda vikapunguza mafuta kuliko kimoja peke yake.

Miezi sita baadaye nilimsindikiza mimi. Picha mpya haikuwa na tofauti. Daktari akakunja uso, akasema mchanganyiko umegoma, akakata dawa ya pili kwenye karatasi na kuanza kuandika sindano. Mjomba alikuwa ameikodolea macho ile kalamu.

"Daktari, hiyo uliyoikata sijaimeza hata siku moja," alisema. "Nilianza na moja kwanza. Nilitaka kujua ipi inafanya kazi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari hakufoka, na heri angefoka.

"Mzee, nusura nikudunge sindano kwa kosa la kidonge kilichokaa kabatini."

Tangu siku hiyo anameza vyote viwili mbele yangu, akinung'unika. Sikumwonea huruma, miezi sita ametuchezea shere.

Juzi tulirudi kwa picha nyingine. Mafuta yamepungua. Hayajaisha, lakini yamepungua, nami machozi yalinilenga. Mjomba aliigeuza ile picha huku na huku, kisha akauliza: ni kipi kati ya vile viwili?

"Sijui," daktari alimjibu.

Mjomba alichukua kofia yake, akaelekea mlangoni. Sikuwa nimewahi kumwona akiacha kitu kilichoanza kupona bila kujua kimeponaje.