Kuku wa Mke wa Pili

Kila ninapoambiwa kwamba nalegeza Maandiko, damu hunichemka na humkumbuka mwanamke mmoja wa Navakholo. Uhuru ulikuwa mchanga, na mimi nilikuwa mchungaji kijana huku Kakamega.

Alikuwa mke wa pili. Kwa sababu hiyo wazee wa kanisa walimkatalia Meza ya Bwana mpaka aachike na kuwaacha watoto wake. Walimsomea Biblia kuhusu mke mmoja, lakini Ibrahimu na Yakobo wakawaruka kama madimbwi. Mila za giza tumezitupa, walimwambia.

Siku hiyohiyo wakaketi nyumbani kwake wakala obusuma, yaani ugali wetu, na kuku aliyempika yeye. Mapaja yalikuwa ya wazee, firigisi ikawa yangu mimi mgeni wa heshima. Mpishi hakuonja, maana mila yetu ilimkataza mwanamke kula kuku. Mila hiyo haikuwa ya giza. Hiyo ilikuwa na mchuzi.

Nikauliza ni aya gani inayomnyima mwanamke paja. Mzee mmoja akacheka huku akilamba vidole: "Pasta, usichanganye mambo ya Mungu na ya tumbo."

Nikainuka kwa hasira, nikaibeba sahani yangu hadi jikoni, nikampa yule mama mbele ya macho yao.

Akaitazama, akanirudishia.

"Pasta, mimi sikuomba kuku," akasema. "Niliomba mkate wa Bwana, na anayeumega ni wewe."